Kipande cha Mtoto wa Xavérine

Noeli ilipokaribia, Mukandutiye alishindwa kutembea taratibu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, na goti lake la kushoto lilimsumbua kila mvua iliponyesha. Lakini Desemba ikiingia, goti lile alilisahau. Watu wa Gisenyi walimwona akiteremka kutoka ubavuni mwa mlima Rubavu karibu kila asubuhi, kikapu kichwani, akiwasalimia kabla hawajamwona, akiuliza habari za watoto na kupita kabla ya kujibiwa.

Alikuwa akienda kwa Dauda, fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, ambaye kibaraza chake kilitazama barabara ya Goma. Kila kilichodondoka chini ya mkasi wa Dauda kilikuwa mali ya Mukandutiye. Hawakupatana hivyo siku yoyote, lakini hakuna mwanamke mwingine aliyethubutu kuinama chini ya meza ile.

"Mukecuru, umerudi!" Dauda alimwita siku hiyo, kwa neno la kwao la bibi mzee, mguu ungali unakanyaga cherehani. "Juzi nilikupatia vipande, leo vimeisha. We unashona ao unakula?"

"Ninakula. Na chumvi."

"Bon. Kula polepole, basi. Watu wa huku wanavaa kanzu moja mpaka Idi ingine, mi nitakata nini?"

Hata hivyo alikuwa amemwekea fungu. Mukandutiye alivipitisha vile vipande vidoleni kama mtu anayechambua maharage: buluu ya sare za shule, kaki ya makarani, weupe wa magauni ya komunio ya kwanza, na kipande kimoja chekundu kilichong'aa hata akakiinua juani.

"Hii nyekundu?"

"Ya bibi-harusi wa Kadiri. Alinenepa mbele ya siku, nikaanza upya." Dauda akacheka, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayeuliza jambo jema. "Na ku blanketi yako, kipande ya mutoto wa Xavérine, umekwisha kushona?"

Mukandutiye akaweka kidole mdomoni haraka. "Dauda! Funga kinywa. Mutoto iko tumboni, hana nguo, hana jina. Usimuite."

"Mi nimeuliza tu."

"Usiulize. Noeli njoo utuchinjie mbuzi, tule wote. Hiyo ndiyo uulize."

Akaondoka na kikapu chake, na furaha yote ya asubuhi ikawa imepata kijiwe ndani ya kiatu.

Kushona alifundishwa na masista, zamani, alipokuwa msichana akijiandaa kubatizwa. Walitaka wasichana wajue kukunja pindo la vitambaa vya altare, na pindo alilijua haraka. Jambo lingine alijifunza peke yake baadaye: kwamba nguo iliyokwisha kuvaliwa ina mtu ndani yake. Mume wake alipofariki, watu walitaka kuigawa kanzu yake ya Jumapili. Mukandutiye aliwaomba mkasi kwanza. Akakata mraba mmoja upande wa kifua, na huo ukawa mwanzo wa blanketi.

Tangu hapo kila mtu wa ukoo alikuwa na mraba wake, uliokatwa katika nguo aliyovaa mwenyewe mpaka ikachoka. Phocas, mwanawe mkubwa aliyekuwa baharia wa mashua za ziwani, alikuwemo kwa shati lenye alama ya kutu. Kati ya mraba na mraba vilipita vile vipande vya Dauda, virefu na vyembamba, ambavyo yeye aliviita njia. Alisema ndugu hawakai wamebanana, lazima kuwe na njia ya kutembeleana. Chini yake kulikuwa na merikani, na katikati mablanketi makuukuu ya sufu. Kila mraba aliuzungusha sindano akisema Salamu Maria, mpaka mwenye mraba awe ameombewa pande zote nne.

Noeli ilikuwa siku ya blanketi hilo. Watoto wake walikuja nyumbani wote, na wajukuu walilala sebuleni juu ya mikeka, vichwa upande mmoja kama samaki kwenye kikapu, wakifunikwa kwa pamoja. Kila mwaka aliongeza safu ya miraba minne kwa waliozaliwa au walioolewa. Mwaka huo wa 1955 safu mpya ilikuwa na mapacha wa Phocas na binti mchanga wa Bizimana, mwanawe mwingine aliyeishi Cyanzarwe. Mraba wa nne ndio uliompa shida.

Xavérine, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba kubwa, ya kuzaa Januari. Ilikuwa mimba yake ya tatu, na hakuwa na mtoto. Mimba ya kwanza, Mukandutiye alishindwa kungoja. Desturi ya kwao ilisema mtoto haandaliwi nguo kabla hajatoka tumboni, lakini furaha ilimzidi, akashona mraba wa manjano mapema. Mtoto alizaliwa asilie. Wanawake waliokuja kumpa pole waliutazama ule mraba, wakatazamana, wasiseme neno. Na kunyamaza kwao kulimkaa Mukandutiye mwilini kuliko maneno. Akaufumua. Wa pili, Yosefu, alimngoja vizuri kama ilivyopasa. Alimshonea baada ya kubatizwa, kwa kitambaa alichofungiwa. Yosefu aliishi msimu mmoja wa mvua.

Safari hii, basi, aliogopa. Hakuthubutu kuushona mraba wa nne, wala hakuthubutu kuujaza kwa kitambaa cha mtu mwingine, maana hiyo ingekuwa kumfungia mtoto nafasi. Aliiacha wazi. Alizikunja pindo zake nne kwa uangalifu kuliko pindo zozote alizowahi kukunja, akaizungushia njia nyekundu ya bibi-harusi wa Kadiri, na katikati pakabaki tundu ambalo mtu angeweza kupitisha kichwa. Machoni pake lilikuwa jambo zuri kabisa.

Siku moja kabla ya mkesha walifika. Phocas alipanda mlima na gunia la mchele begani, akiimba. Mkewe nyuma yake na pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Bizimana na watu wake wakaja na ndizi, na uani pakawa na makelele ambayo Mukandutiye aliyasubiri mwaka mzima. Alikumbatia, akapima vimo, akamkaripia mmoja kwa kukonda na mwingine kwa kunenepa. Mwisho ikaunguruma kamyo ya bwana mmoja mfanyabiashara wa Mahoko. Sibomana, dereva, alikuwa mume wa Xavérine. Aliruka chini akazunguka kumshusha mkewe kama anayeshusha mayai.

"Yezu akuzwe, Mama!" Xavérine aliita kwa ile salamu ya Wakatoliki ya kumtukuza Yesu, akicheka, mkono kiunoni.

"Iteka ryose! Njoo, njoo, ingia, kaa, simama nikuone, kaa!"

"Nifanye gani, Mama? Nikae ao nisimame?"

Walicheka wote. Ndipo watoto wakadai blanketi. Phocas na Bizimana walilitandaza juu ya mikeka uani, na wajukuu wakaliangukia kama kuku walioonyeshwa mtama.

"Huyu ni mi!"

"Toka, huyo ni baba. We ni ile ya chini, yenye kuchafuka."

"Ya kwangu haikuchafuka, ni maua!"

Xavérine alizunguka polepole pembezoni akiwasoma watu wa kwao mmojammoja. Alipofika kwa Yosefu aliinama kadiri alivyoweza, akamgusa. Kisha akafika kwenye safu mpya.

"Hawa mapacha. Huyu wa Bizimana." Kidole chake kikasimama. "Na hapa?"

Mukandutiye alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, lakini desturi ile ile iliyomshika mkono sasa ilimshika ulimi. Kusema mbele ya watu kwamba hapa ni pa mtoto aliye tumboni ilikuwa ni kumwita kabla ya wakati. Alitazama majirani waliosimama uani, akatazama chini.

"Hapo nimeacha," akasema.

"Umeacha."

"Nimeacha tu, mwanangu."

Xavérine alinyooka. "Watoto ya wenzangu ni kitambaa, Mama. Ya kwangu ni shimo. Umemuchimbia mbele ya kuzaliwa."

"Dada, usiseme vile," Phocas alianza.

"We nyamaza, una mapacha." Hakupandisha sauti. Akamgeukia mumewe. "Kesho unarudisha kamyo Mahoko saa ngapi?"

"Saa sita. Lakini nilisema nitarudi huku kwa miguu..."

"Tunakwenda wote. Noeli nitafanyia kwangu."

Jioni ile walikula, na watoto walilala chini ya blanketi. Xavérine alilala chumba cha ndani, uso ukutani, na mama yake alipoweka uji mlangoni asubuhi aliambiwa asante kwa sauti ya mgeni.

Asubuhi ya mkesha wanawake wa parokia walikuwa na zamu ya kusafisha kanisa, na Mukandutiye alikwenda kwa sababu hakujua pa kwenda pengine. Kanisani kulikuwa na vumbi, ndoo, vicheko, harufu ya nyasi mbichi. Mbele, upande wa Bikira, walikuwa wakijenga kirugu, kile kibanda cha Noeli, kwa matete na migomba. Donatille, muuza samaki ambaye sauti yake ilizoea kuvuka soko, ndiye aliyekuwa akiamuru.

"Punda nyuma! Nyuma kabisa, anamufunika Yozefu. Na we, Felisita," akamwita Mukandutiye kwa jina la ubatizo, "umekuja na uso kama wa Ijumaa Kuu. Tandika kitambaa, basi. Nyasi zinachoma."

Kutandika hori ilikuwa kazi ya Mukandutiye tangu kanisa lile liwe na kirugu. Alitoa kifuani kitambaa cheupe, alichokifua na kukipiga pasi wiki nzima kabla, akapiga magoti. Mariamu na Yozefu wa plasta walisimama pande mbili wakitazama hori tupu. Sanamu ya Mtoto ilikuwa bado imefungiwa kabatini sakristia, haitoki mpaka misa ya usiku. Akatandika. Akalainisha kwa kiganja. Akakunja pembe moja mara mbili, mahali pa kichwa, kama alivyofanya kila mwaka.

Donatille akarudi nyuma hatua chache, mikono kiunoni. "Muzuri. Sasa yeye tu aje."

Kiganja cha Mukandutiye kikasimama juu ya kitambaa.

"Donatille."

"Nini?"

"Tunamutandikia mutu mwenye hajazaliwa."

"Ndiyo. Kila mwaka. Ulitaka azaliwe kwanza, kisha tukimbie kutafuta kitambaa?"

"Na Mariamu? Zile nguo alimufunga nazo kule zizini, alizitoa wapi? Usiku ule, ugenini, nyumba zote zimefungwa?"

Donatille akamtazama kama mtu aliyeulizwa samaki hutoka wapi. "Alikuja nazo ku mzigo wake. We ungesafiri na tumbo kubwa vile bila kitambaa hata kimoja?"

"Basi alishona mbele, mutoto angali tumboni."

"Alishona mbele! Na mama yake Anna alimusaidia, mi nakuambia. Mama gani mwenye binti yake ana mimba angeweza kungoja?"

Mukandutiye alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikagonga paa la kanisa, na katekista aliyekuwa akipanga vitabu mlangoni akageuka. Hakuweza kukizuia. Alijiona mwaka baada ya mwaka, amepiga magoti hapa hapa, mikono yake mwenyewe ikimwandalia matandiko Mtoto ambaye bado hajazaliwa, bila hofu, bila kunong'ona. Na nyumbani, sindano ile ile imemtetemesha. Wa kwanza alimshonea mapema, akaenda. Wa pili alimngoja, akaenda. Kitambaa hakikumwua yule wala kungoja hakukumwokoa huyu. Walikuwa mikononi mwa Mungu wote wawili tangu mwanzo, na yeye alikuwa akifikiri wako mikononi mwa wanawake waliotazamana.

"Ni saa ngapi?" aliuliza ghafula.

"Karibu na sita. Unakwenda wapi? Felisita! Malaika hatujamupandisha!"

Alikwisha kutoka. Aliupanda mlima na goti lake lote, kilemba mkononi, akihema, akiwapungia mkono watu waliodhani kuna nyumba inayoungua. Kabla hajakata kona aliisikia injini. Kamyo ilikuwa inatetemeka barabarani, Sibomana usukani, na Xavérine ameweka mguu mmoja juu, mzigo wake mkononi. Phocas alikuwa amemshika mkono, ama anamsaidia, ama anamzuia.

"Shuka!" Mukandutiye alipiga kelele kutoka mbali. "Sibomana, zima hiyo mashine!"

"Mama, mizigo ya tajiri inaningoja."

"Ingoje! Phocas, leta blanketi. Mbio!"

Phocas hakuuliza. Alirudi nalo amelikumbatia, na mama yake akalirusha juu ya pua ya kamyo, likateremka mpaka kwenye taa, tundu la mraba juu kabisa mbele ya macho ya wote. Majirani walikuwa wamekwisha kutoka majumbani, maana kamyo ikiunguruma nani angebaki ndani?

"Sikieni wote," Mukandutiye alisema, akipumua kwa shida. "Hapa ni pa mutoto wa Xavérine. Mwenye iko tumboni. Nimesema kwa sauti, na nitasema tena."

Mzee mmoja jirani alijishika mdomo. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni na kupiga vidole ili kufukuza balaa.

"Piga tu," Mukandutiye akamwambia. Kisha akamgeukia binti yake, na sauti ikashuka. "Sikukuchimbia shimo. Nilimuwekea kiti, nikaogopa kusema kiti ni ya nani. Niliogopa midomo ya watu, mwanangu. Mutoto sikumuogopa."

Xavérine alikuwa bado ameweka mguu juu ya kamyo. "Na kama atakwenda kama wenzake?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka nyumbani kwao. Injini ilikwisha kuzimwa. Ziwa kule chini lilikuwa tulivu na jeupe.

"Basi kipande chake kitabaki hapa, kama cha Yosefu. Sitafumua tena. Ile ya manjano nilifumua, hilo ndilo lilikuwa baya. Mutoto alikuwa wetu, mi nikamutoa."

Xavérine aliufuta uso wake kwa kiwiko. Mguu ukateremka. Alisogea mpaka mbele ya kamyo, akaweka mkono kwenye tundu lile na kuzigusa pindo zake nne, moja baada ya nyingine, akaona jinsi zilivyokunjwa.

"Utashona na nini?" akauliza. "Hana nguo."

Mukandutiye akakipekua kikapu cha kushonea alicholetewa na mjukuu mmoja. Alikuwa amekimbia mlima mzima bila kufikiria hilo. Vipande vya Dauda vilikuwa vya njia, si vya watu.

"Ni kweli," akasema. "Hana."

"Iko nayo." Xavérine alikuwa sasa anajitazama mwenyewe. Alivaa kitenge chake kizuri, cha kijani chenye ndege, kilichovutwa na tumbo mpaka ndege wote wa mbele wakawa wanene. "Tangu mvua za Septemba hii tu ndiyo inanitosha. Yeye ndiye anaivaa kuliko mi. Nipe mukasi."

"Xavérine!" Sibomana aliita kutoka usukani. "Hiyo ni kitenge ya Noeli! Donc kesho utavaa nini?"

"Hii hii."

Akakivuta mbele, akapenyeza mkasi wa mama yake, na kukata mraba mahali pale pa tumbo ambapo ndege walinenepa zaidi. Sketi nyeupe ya ndani ikaonekana. Wanawake walipiga vigelegele, wengine kwa kushtuka, wengine kwa furaha, na baada ya kidogo usingeweza kutofautisha. Hata yule aliyetema mate alisogea ili aone vizuri.

Walishona pale pale, juu ya chuma chenye joto. Mukandutiye alivaa subana yake, akatunga uzi kwa mara moja, akaanza upande wa kwanza: Salamu Maria, umejaa neema. Majirani wakaitikia. Phocas akaitikia, na pacha mmoja juu ya bega akaitikia kwa lugha yake. Sibomana alivua kofia, akaegemea usukani, na sauti yake ndiyo iliyozidi zote, mtu ambaye mizigo ya tajiri ilikuwa inamngoja. Upande wa pili. Upande wa tatu. Kwenye upande wa nne Mukandutiye alimpa binti yake sindano, na Xavérine akaumaliza mwenyewe, mishono mirefu na ya kupinda.

Siku ya Noeli, kwenye misa ya mchana, kanisa lilijaa hadi milangoni, wanaume kulia na wanawake kushoto. Xavérine aliingia amevaa kitenge cha kijani. Mke wa Phocas alimnong'oneza akizungushe, ili tundu liende nyuma na kufunikwa na shuka. Alikataa. Alipita katikati, tumbo mbele, na dirisha lile la mraba mbele ya tumbo, kila mtu akiona.

Donatille alikuwa amekaa ukingoni mwa safu, naye hakuweza kunyamaza hata kanisani. "We binti, panya wamekula kitenge yako?"

"Si panya," Xavérine akasema bila kusimama. "Ni mwenyewe. Alichukua yake."

Mbele kabisa, karibu na kirugu, kulikuwa na mikeka ya wanawake wenye watoto wachanga, ili waweze kunyonyesha na kutoka bila kuwasumbua wengine. Miaka minne Xavérine alikuwa akikaa nyuma, karibu na mlango. Sasa alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mikeka ile, akamwambia mama mmoja asogee kidogo, akashuka taratibu na kukaa katikati yao, mikono mitupu, akitengeneza mapaja kama mtu anayetaka nafasi ya kutosha. Wale akina mama walitazamana. Kisha mmoja wao, ambaye mikono ilikuwa imemchoka, alimwekea mtoto wake mapajani bila kumwuliza.

Mukandutiye aliona yote akiwa nyuma. Mwimbishaji alikuwa bado anainua mkono kuanzisha Gloria, kwaya bado inavuta pumzi, lakini yeye alikwisha kuanza, peke yake, kwa sauti ya juu mno, na kanisa zima likalazimika kumfuata.